Pete Nne za Mpira

Kaltumu hajaiba hata skrubu moja tangu azaliwe, na ni vizuri hilo lisemwe mapema, kwa sababu waliosema kinyume hawakuona haya kulisema ndani ya hema la kukodi, mbele ya wageni waliovaa suti, kwa kipaza sauti.

Kibanda chake kiko nyuma ya soko la Gisenyi, kimebanwa na cherehani ya Hakimu upande mmoja na ukuta wa msikiti upande wa pili. Alikirithi kwa baba yake, aliyemfundisha kushika chuma cha kuchomelea akiwa na miaka tisa, huku shangazi zake wakinung'unika kwamba msichana ataungua vidole akose mume. Vidole viliungua, mume alipatikana, akaishi naye vizuri hadi Mungu alipomchukua. Leo Kaltumu ana miaka hamsini na miwili na anatengeneza kila chenye waya: redio, pasi, chaja za simu, ampli za makanisa na za mabaa. Kazi hiyo imesimama juu ya kitu kimoja. Mtu anakuletea chombo ambacho hajawahi kukiona ndani, anakuachia, anaenda zake. Ukitoa kipande kizima ukatia kibovu, hatajua. Kwa hiyo jina la fundi likishachafuka, hata awe hodari vipi, atabaki kibandani akifukuza nzi.

Mzee Rutagengwa alikuja mwezi wa sita, ameketi nyuma ya teksi amekumbatia mzigo uliofungwa blanketi. Ni karani mstaafu, ana nyumba ya vigae upande wa kwenda Rugerero, na akitokea mahali watu humpisha hata kama hapiti. Ndani ya blanketi kulikuwa na ampli ya lampe, kikuza sauti cha zamani. Vijana wengi hawazijui: ni sanduku zito la chuma, na juu yake zimesimama taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, nne ndogo mbele na nne kubwa nyuma. Muziki hupita ndani ya vioo hivyo, na unapofika kwenye spika unakuwa na joto ambalo ampli za siku hizi hazina. Baba yake aliinunua Bukavu. Familia ilipovuka kutoka Goma mwaka 1995 waliacha vitanda na makabati, lakini ampli ilivuka mpaka ikiwa kichwani mwa Rutagengwa mwenyewe. Alisimulia hayo mara mbili kabla hajakaa.

"Inalia," akasema. "Unaweka disque, muziki inatoka, mais nyuma yake kuna kitu inalia kama kengele. Wakati ya papa haikukuwa hivi."

Kaltumu alibadilisha vipande vilivyokauka, akasafisha soketi, akaiwasha. Ikalia. Akabadilisha tena, akaiwasha, ikalia vile vile, na hivyo hivyo kwa wiki tatu. Mwishowe, akiwa amechoka kabisa, aligonga lampe moja ndogo kwa penseli, kwa kuchokoza tu, na spika ikajibu: tiiing. Hapo ndipo alipomkamata mchawi.

Ndani ya lampe kuna nyaya nyembamba kama unywele. Zikizeeka hulegea kidogo, na kitu chochote kinachotikisa kioo huzitikisa nazo. Ampli haina akili ya kutofautisha mtikisiko huo na gitaa. Inaupokea, inaukuza, inaupeleka kwenye spika. Spika nayo inatikisa meza, meza inatikisa ampli, nyaya zinatikisika tena, na kelele inajizungusha hivyo bila mtu kuilisha. Lampe ndogo za mbele ndizo zenye matata zaidi, maana kila zinachosema hukuzwa na zile zinazofuata.

Dawa ni kuupa mtikisiko mahali pa kufia. Kaltumu alianza na pete alizokata kwenye tyubu ya baiskeli, akazivisha lampe kiunoni. Joto likaziunguza, kibanda kikanuka, Hakimu akalalamika kwamba suti za wateja wake zinanuka ajali. Akaenda kwenye gereji ya malori akachagua pete za mpira mwekundu, zile zinazokaa ndani ya injini bila kuyeyuka. Alipoweka tatu kwa kila lampe, kengele ilinyamaza kabisa, ila muziki nao ulipoa, gitaa likawa kama linapigwa ndani ya godoro. Akatoa mbili, akabaki na moja. Akaipandisha kidogo, akasikiliza, akaishusha, akasikiliza, siku nne nzima, hadi akapata mahali ambapo kengele haipo na kucha za mpiga gitaa bado zipo. Kisha akaweka ampli juu ya ubao, na ubao juu ya tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo nusu, ili mtikisiko wa sakafu usipande. Kazi yote hiyo aliifanya kwa bei waliyokubaliana siku ya kwanza.

Mwezi wa nane Rutagengwa alikuja kuichukua, na akaja na santuri ya baba yake ya kuijaribia, ya bendi moja ya Bukavu iliyosambaratika zamani. Kabla gitaa halijaanza, kiti cha mpiga gitaa kilisikika kikilia, kwii, mara moja tu, kama mtu anajiweka sawa. Rutagengwa aliinua kidole hewani. Halafu akatoa leso akafuta macho.

"Hiyo kiti," akasema. "Nikiwa mutoto nilikuwa nangoja hiyo kiti. Miaka mingi sijaisikia. Kaltumu, Mungu abariki mikono yako."

"Amina, muzee. Lakini unisikilize. Hizi pete nne usizitoe. Na hii tyubu ikae chini ya ubao siku zote. Uweke ampli kwa kona, mbali na bafle, hizi spika. Ukitoa hizi vitu, kelele itarudi siku ile ile."

"Ndiyo, ndiyo," akajibu, macho yakiwa kwenye simu.

Kaltumu anayakumbuka macho hayo mpaka leo. Angekuwa fundi mwenye ndevu, mzee angeuliza mara mbili na kuandika.

Mwezi wa kumi binti mdogo wa Rutagengwa aliposwa. Upande wa mume ulitoka Nyundo, watu wa heshima zao, wakiongozwa na msemaji wao mzee Bahizi, anayejua kuomba mke kwa maneno matamu hadi upande wa pili usahau kujivuta. Siku kama hiyo nyumba hukaguliwa bila mtu yeyote kusema kwamba anakagua. Mapazia yalifuliwa, vigae vikasuguliwa, na ampli ikatolewa konani ikapandishwa juu ya kabati la vioo, katikati ya spika mbili, na kitambaa cheupe cha kufuma kikatandikwa chini yake, ili wakwe waone kwamba familia hii ilikuwa na kitu tangu zamani.

Kaltumu hakualikwa. Hakimu alialikwa, kwa kuwa ndiye aliyeshona nguo za wasimamizi, na ndiye aliyemletea habari Jumatatu asubuhi, amesimama mlangoni, hataki kuingia. Alisema wazee wa Nyundo waliingizwa sebuleni kusikiliza santuri kidogo kabla ya kwenda hemani. Kiti hakikusikika. Ilisikika kengele, halafu mluzi, na mluzi ukakua hadi mama mmoja wa upande wao akaziba masikio. Wakwe walicheka kwa adabu, kicheko kile cha kukunja midomo, na Rutagengwa alitamani ardhi immeze.

Hapo akajitokeza Kenny. Huyu ni mpwa wa Rutagengwa, amekulia Kampala, anakodisha zile spika kubwa za sherehe zinazopasua watu vifua, na tangu afike Gisenyi hajakutana na kitu asichokijua. Aliinama juu ya ampli muda wa kumeza mate mara moja, akatoa hukumu: fundi ametoa lampe za zamani akaziuza, akaweka za bandia. Hakugusa hata moja. Na Rutagengwa, aibu ikiwa bado mbichi usoni, alikwenda hemani, akashika kipaza sauti, akaomba radhi kwa pande zote mbili. Alisema ampli ya marehemu baba yake ilipita mikononi mwa mwizi wa sokoni.

"Alisema jina yangu?" Kaltumu akauliza.

"Alisema."

"Alikuwa amekaa ao amesimama?"

Hakimu alishangaa swali lenyewe. "Amesimama. Na mikro kwa mukono." Kisha akakohoa, akaangalia viatu vyake. "Halafu ile redio yangu, mama. Kama haiyakwisha haina neno, nitaibeba tu vile iko."

Miaka kumi na minne wanagawana ukuta na chai. Kaltumu alimpa redio yake, na skrubu zake nne ndani ya kikaratasi, bila neno, kwa sababu angefungua mdomo angemtukana yeye na cherehani yake. Kufikia Ijumaa wengine sita walikuja kuchukua vitu vyao ambavyo havijatengenezwa, kila mmoja na uongo wake. Mama mmoja alidai pasi yake imepona yenyewe.

Alipanda kwa Rutagengwa mara mbili. Mara zote mbili mlango wa uani ulifunguliwa kiasi cha kiganja na Umwali, mke wa mtoto wa mzee, anayeishi pale. "Papa haiko," akasema, na nyuma yake Papa mwenyewe alisikika akiuliza chai imefikia wapi. Umwali hakumtazama usoni. Kaltumu alirudi mjini kwa miguu, akipita pikipiki zote zilizomwita, kwa maana hasira kama ile haikai juu ya pikipiki.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wa mudugudu, yaani mtaa wao, walitoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, kuzibua mitaro ya barabara ya juu ambayo mvua ilikuwa imeijaza tope. Kaltumu alichimba kuliko wanaume wawili waliokuwa pembeni yake. Alikuja na jembe, na kikapu kilichofunikwa kitenge. Kazi ilipokwisha wakakaa kwenye nyasi kwa mkutano. Verediane, mkuu wa mudugudu, alizungumzia bima ya afya, akazungumzia mbwa wasiofungwa, kisha akauliza kama kuna mengine.

"Iko," Kaltumu akasema, akasimama. "Muzee Rutagengwa alisema mbele ya watu kama mi niliiba lampe ya ampli yake. Nimeenda kwake mara mbili, wanasema haiko, na sauti yake naisikia. Leo iko. Aseme hapa, nimujibu."

Rutagengwa alikuwa mbele, kwenye kiti cha plastiki alicholetewa peke yake. Alitazama mlima.

"Mama Kaltumu," Verediane akasema kwa upole, "hii ni mambo ya nyumbani. Si muongee nyinyi wawili?"

"Shefu, kunichafua haikukuwa ya nyumbani. Ilikuwa na mikro."

Watu wakaguna. Rutagengwa akasafisha koo. "Mi sikusema bure. Kenny anajua hii kazi, na ni yeye aliona."

"Uncle, those lampe are fake," Kenny akasema kutoka nyuma, jembe lake safi kama lilivyotoka dukani. "Kila mutu alisikia."

"Bon. Twende wote tusikie tena," Kaltumu akasema. "Nyumba iko dakika tano. Kama niliiba, munipeleke polisi na hii matope yangu kwa miguu."

Verediane aliangalia nyuso za watu akaona kwamba wangekwenda hata akikataa. Akaokota jembe lake.

Waliingia sebuleni zaidi ya ishirini, na buti zao. Umwali alipoona vigae vyake alishika mdomo. Kaltumu alisimama mlangoni akaitazama ampli. Pete hazikuwepo. Tyubu haikuwepo. Wameiweka juu ya kabati la vioo, spika huku na huku, karibu kuigusa, kama mtu aliyelaza mtoto juu ya ngoma inayopigwa kisha akashangaa kwamba mtoto halali. Miezi miwili ya kazi yake imevuliwa nguo na kuwekewa kitambaa cha kufuma.

"Muzee, uiwashe," akasema. "Disque usiweke. Sauti upandishe."

Lampe zikaanza kuwaka polepole.

"Sasa shefu, utembee."

Verediane akapiga hatua moja juu ya vigae. Spika zikajibu: duu, ngiii. Akapiga ya pili. Ngiii. Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko chake pia kikaingia ndani ya spika kikatoka na mkia.

"Hakuna disque, hakuna muziki," Kaltumu akasema. "Hiyo munasikia ni buti ya shefu."

"Exactly," Kenny akasema. "Lampe ya kweli haiwezi fanya hivyo."

Kaltumu alitoa penseli, akagonga lampe ndogo ya kwanza, na mlio ukatoka mkali hadi watu wa mbele wakarudi nyuma. Akagonga kubwa ya nyuma, ikatoka sauti ndogo butu. "Ndani ya hizi ndogo kuna waya wembamba sana," akasema. "Zimelegea juu ya uzee. Ukitikisa kioo, waya zinatikisika, na ampli inafikiri ni muziki. Kama ningeweka lampe mupya, hata zisingelia hivi. Hizi ni zile za marehemu, zimechoka kama mi na wewe."

Akazima. Wakati vyuma vinapoa alitoa kitenge juu ya kikapu. Aliomba kiti kifupi cha mbao kutoka barazani, akakiweka konani, akalaza juu yake tyubu iliyojazwa upepo nusu, na juu ya tyubu ubao. Wanaume wawili wakashusha ampli kwa maelekezo yake, wengine wakashusha spika sakafuni, mbali. Kisha akatoa pete nne nyekundu, akazivisha lampe nne ndogo, moja moja, akizisogeza kwa ncha ya kidole hadi pale anapopajua. Rutagengwa aliangalia saa yake mara tatu. Hakuna aliyemwonea huruma.

"Sasa weka disque ya papa yako."

Mzee akaiweka mwenyewe kwenye gramafoni. Sindano ikashuka, vumbi likaparuza kidogo, na katika kimya kile kiti kikalia: kwii. Gitaa likaanza, safi, kila uzi peke yake. Verediane akatembea bila kuombwa, akaenda hadi dirishani akarudi, na kilichosikika ni buti zake tu, chini, mahali buti zinapopaswa kusikika. Kidole cha Rutagengwa kilikuwa kimeinuka hewani chenyewe, kama siku ile kibandani. Alikiona, akakishusha.

"Lampe ni zile zile," Kaltumu akasema. "Mumeniona, sikubadilisha hata moja. Kama niliuza lampe ya papa yako, hii kiti imerudi namna gani?"

Kenny alikuwa amepata kitu cha maana kwenye simu yake.

"Na mi nauliza neno moja. Ampli ilitoka kwangu na pete nne na tyubu. Nani alizitoa?"

"Pete gani?" Rutagengwa akasema. "Mi sijui mambo ya pete."

"Papa."

Alikuwa Umwali, mlangoni mwa jikoni, ameshika ufagio wa maji kwa mikono miwili. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. "Ni mimi nilizitoa. Ulisema nitoe huo uchafu ya gereji, wakwe watasema nini. Nilikuambia fundi alikataza. Ukasema fundi wa soko hawezi kupanga salon yako."

Kusahau, Kaltumu angekusamehe, wazee husahau. Lakini huyu alikumbushwa. Alikumbushwa, akadharau, na ampli ilipomuumbua akatafuta mtu wa kumtupia, akamkuta yeye. Na Umwali huyu, aliyejua tangu siku ya kwanza, alifungua mlango kiasi cha kiganja mara mbili akasema Papa haiko. Watu walianza kunong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu posa minong'ono haikumhusu yeye.

Rutagengwa alijishusha kwenye sofa. "Bon," akasema, kwa sauti ya chini. "Ni makosa kidogo. Mambo ya sherehe, kichwa inachoka. Tuache hapo. Asante, Kaltumu. Iache tu vile, iko muzuri."

"Simama, muzee."

"Nini?"

"Kuniita mwizi, ulisimama, na wa Nyundo wote wakasikia. Leo unanisafisha umekaa, na sauti ya mugonjwa, na wa Nyundo hata mumoja haiko."

"Unataka niende Nyundo nijivunjie heshima kwa wakwe? Juu ya raba?"

"Kama ni raba tu," Kaltumu akasema, "basi haitakuuma nikiibeba."

Akazima ampli. Gitaa likakatika katikati ya ubeti. Akazungusha kitenge vidoleni, maana vioo vilikuwa vya moto, akazivua pete zote nne. Akawaambia wanaume wainue ampli, akavuta ubao, akavuta tyubu, akavirudisha kikapuni. "Zile zako ulitupa. Hizi ni zangu. Siku utasema kule ulisema, na vile ulisema, nitazileta."

"Mama Kaltumu, uwe na huruma," Verediane akasema.

"Nilikuwa nayo mwezi wa nane, shefu."

Njiani Hakimu alimfuata akitaka kumbebea kikapu. Hakumpa.

Wateja wa mtaani walirudi mmoja mmoja, wakiwa na haraka ya kuzungumza mambo mengine. Mama wa pasi alirudi na pasi yake. Lakini wa Nyundo hawakuwa kwenye sebule ile. Huko Kaltumu alikuwa na kazi za ampli za kanisa na redio za walimu, na kutoka huko hakuja mtu wiki ya kwanza, wala ya pili, wala ya tano. Huko bado alikuwa mwizi. Siku moja Umwali alipita sokoni akasimama mbele ya kibanda. Alisema Papa huwasha ampli kila alasiri, mluzi unaanza, anazima kabla ya wimbo wa pili, anakaa na santuri mapajani. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba anaomba msamaha wa yale ya mlangoni. Kaltumu alimjibu kwamba amemsikia, na kwamba ufagio wake siku ile uliongea vizuri kuliko wanaume wote wa mudugudu. Pete nne zilikuwa zimening'inia kwenye msumari juu ya meza, na hakuzishusha.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, mzee mmoja mwenye kofia na fimbo alisimama kibandani na redio iliyofungwa gazeti. Alijitambulisha kuwa ni Bahizi wa Nyundo, yule msemaji wa upande wa mume.

"Jana kisha misa Rutagengwa alikuja kwetu," akasema. "Akaomba tuitane wote, wale wa ile siku. Tukaitana. Tukafikiri kuna mutu amekufa."

"Alisema nini?"

"Kwanza aliongea mambo ya mvua. Kwa murefu sana." Bahizi akatabasamu kidogo. "Kisha akasema wewe hukuiba. Akasema raba alitoa yeye, na aliambiwa asitoe."

"Alikuwa amekaa?"

"Alisimama. Tulimupa kiti, akakataa."

Kaltumu aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiambia kwamba siku habari hii itakapofika atafurahi hadi majirani wamshangae. Furaha ilikuja, ndiyo, lakini ilikuja imechoka, na hasira ilikuwa imekaa pale pale ilipokuwa, haikuhama. Alinyoosha mkono akashusha pete nne kutoka kwenye msumari, akazitia kikapuni pamoja na tyubu na ubao. Alasiri angepanda kwa Rutagengwa, kama alivyosema. Kisha akavuta stuli ya pili kutoka chini ya meza, akaifuta kwa kiganja, akaiweka mbele yake.

"Kaa hapa, muzee."

"Mi nilikuwa napita tu. Nakuachia, nitarudi Alhamisi."

"Hapana. Tangu ile siku sifungui kitu ya mutu kama mwenyewe haiko mbele yangu. Hata Hakimu huyu jirani alikaa hapo saa mbili nzima."

"Mama, mi nakuamini."

"Najua," Kaltumu akasema, akashika bisibisi. "Kaa tu."